Nyumba ya kambi imekuwa ndogo: chora yote, njo uanze chumba kimoja

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tano wakati mvua imeisha, karatasi za kuomba avansi zinaongezeka ku meza ya delegasio ya sendika. Mu miezi ingine watu wanaandika masomo ya watoto, ugonjwa, kilio. Mu kiangazi, pa fasi ya sababu, wengi wanaandika neno moja tu: kujenga. Si kujenga nyumba mupya, hapana. Ni kuongeza. Chumba ya vijana wenye wanalala mu salo. Chumba ya binti wenye wamekomaa. Chumba ya mama mukwe mwenye alitoka mu mugini na hatarudia tena.

Ku Panda ya Likasi, ku Musonoi ya Kolwezi, ku Kipushi, ku kambi za Lubumbashi, nyumba mingi zenye tunaishi ni za zamani za Union Minière. Ile kampuni ilianza mu 1906. Kuanzia karibu 1928 ilitaka wafanyakazi wa kudumu, wenye kuishi pa kambi na bibi na watoto, ku fasi ya wanaume wa kupita tu. Iliwapa nyumba, posho, hopitali, masomo. Ilifurahi sana kuona watoto wanazaliwa, juu mutoto wa kambi ndiye mufanyakazi wa kesho. Lakini nyumba yenyewe ilibakia ndogo. Baba na mama wanazaa mbele ya kampuni yenye kuwapongeza, kisha watoto sita wanalala mu chumba kimoja. Historia hii Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Universite ya Lubumbashi aliiandika vizuri mu kitabu chake juu ya Bana Shaba wenye baba yao aliwaacha. Ile baba ni kampuni. Mu 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka Gécamines kwa mupango wa « départs volontaires », kila familia ilijua kama sasa nyumba ni kazi yake. Hakuna tena mutu wa kuja kuangalia tole yenye kuvuja.

Njo maana kila lupango iko na anekse. Na anekse mingi, nasema wazi, zinakula franga mara mbili. Sababu haiko ujinga wa watu, ni haraka. Mutu anajenga chumba chenye kinamuuma leo. Miaka tatu kisha anajenga kingine mbele ya dirisha ya kile cha kwanza. Kisha cha tatu, na sasa maji ya mvua inaingia mu cha kwanza, inaomba kubomoa ukuta wenye haujamaliza hata miaka kumi. Kuongeza kidogo kidogo haiko mubaya. Kwa mushahara wetu hakuna njia ingine. Mubaya ni kuongeza kidogo kidogo bila kujua nyumba itamalizika namna gani.

Kwa hiyo chukua karatasi ya kaye yenye miraba. Muraba moja ni nusu metre. Pima lupango na metre ya kweli, si kwa hatua za miguu. Chora nyumba yenye iko, choo, kisima, muti wa maembe, bomba ya maji, mulango wa kuingilia. Kisha chora nyumba vile itakuwa siku watoto wote watakuwa wakubwa, hata kama unaona franga ya kuimaliza haitapatikana. Mu ile nyumba ya mwisho njo unaandika namba: moja, mbili, tatu. Namba moja njo utajenga mwaka huu. Kazi hii baba asiifanye peke yake na marafiki ku meza ya bia. Mama wa nyumba njo anajua mbabula inakaa fasi gani, nguo zinakauka fasi gani, na maji ya mvua inapita wapi. Yeye iko pale siku nzima. Wewe uko mu karieri.

Sasa tufike pa tole, juu pale njo wengi wanakufia. Ukuta wa nyumba ya zamani mara mingi unafika kama metre 2,70 pa mwisho wa tole. Anekse ya bei ya chini inaegemea ule ukuta, tole inateremuka upande wa inje. Kusudi maji ikimbie vizuri, hesabu santimetre 15 za kushuka kwa kila metre. Chumba chenye kutoka inje metre 3 kitakuwa na ukuta wa inje wa metre 2,25. Unasimama, unafungua dirisha, sawa. Lakini ukipenda kuweka chumba kingine mbele ya kile, mupaka metre 6, tole inafika pa metre 1,80. Kijana wako wa miaka 16 anagonga kichwa, na saa sita ya mchana mule ndani ni furu ya mukate. Mafundi wengine wanapunguza mushuko kusudi wapate urefu, na mvua ya mwezi wa kwanza inarudi nyuma chini ya matole. Kwa hiyo nyumba ya kambi ikuwe kwa urefu, ifuate ukuta, chumba kimoja tu cha kina. Kama upande moja umejaa, zunguka kona. Vyumba vyenye kubakia ujenge mbali kidogo, na tole yao wenyewe, na kiwanja katikati.

Ile kiwanja katikati iko na maana ingine. Wakati unaegemeza anekse, unafunga dirisha ya chumba cha zamani. Kama hukutafutia kile chumba njia ingine ya hewa, umetengeneza stoo yenye watu wanalala ndani. Siye watu wa migodi mapafu yetu imekula vumbi miaka na miaka, na kifua kikuu kinapenda sana chumba cha giza chenye watu wanne wanakohoa. Na mu mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya Katanga inakamata, watu wanaingiza mbabula ndani na kufunga mulango. Gazi ya makala haina harufu na haiamshi mutu. Familia nzima inaweza kulala isiamke tena. Kila chumba kiwe na dirisha yenye kufunguka inje, na matundu mbili juu karibu na tole, zenye hazizibwe na karatasi wala nguo.

Heshima pia inachorwa. Kwetu mama mukwe hawezi kulala nyuma ya ukuta wa chumba cha mukwe wake, wala kupitia mbele ya mulango wake usiku akienda choo. Mpe chumba cha upande mwingine, karibu na binti. Vijana wapewe chumba cha inje chenye mulango wake. Leo wanalala humo, kesho wameoa, na kile chumba kinaweza kulipiwa na mupangaji moja mwenye kazi. Ni akiba, lakini mupangaji anatumia choo pia. Choo kiwe angalau metre 15 mbali na kisima, metre 30 ni vizuri zaidi, na upande wa chini. Kisima cha jirani pia ni kisima.

Hesabu usianze na bei; bei inabadilika kila wakati barriere ya Kasumbalesa inafunga. Anza na vitu. Chumba cha metre 3 kwa 4, chenye kuegemea ukuta wa nyumba, kinaomba kuta mupya za metre 10. Mbele ya kutosha mulango na dirisha, ni karibu metre carré 24, ni bloku 300 za santimetre 15. Musingi unakula zingine 75. Weka 390 kusudi zenye kuvunjika zisikusumbue. Mufuko wa simenti wa kilo 50 unatoa bloku 30 ao 35 za nguvu. Mwenye kukuuzia bloku kwa bei ya chini sana, muulize anatoa ngapi ku mufuko. Akisema 60, anakuuzia muchanga. Kwa bloku ni mifuko 12. Beto ya chini ya musingi ni 4, kujengea 4, shenaji, ule mukanda wa beto wenye kuzunguka juu ya milango na dirisha, 2, pavema 5. Jumla ni mifuko 27, mbele ya krepi. Krepi ya inje inaweza kungojea mwaka kesho. Shenaji haiwezi kungojea. Njo yenye kufunga kuta, na kule tole inafungwa kusudi upepo wa mvua usiibebe.

Kuko wenye kujenga na matofali ya kuchoma yenye kutoka ku vichuguu vyetu vikubwa. Ni udongo muzuri, na kama kichuguu kiko mu lupango yako ama karibu, bei inashuka sana. Paka kuni njo tabu: kila tanuru inakula miti, na pori imeenda mbali. Tofali mbichi nayo inaweza kusimama muda murefu, kama musingi wake ni wa bloku ama mawe mupaka santimetre 40 juu ya udongo, na tole inatoka inje vizuri kuikinga.

Wakati wa kuchimba musingi pembeni ya ukuta wa zamani, usichimbe chini kupita musingi wa zamani. Nyumba ya miaka 60 imekwisha kukaa pa fasi yake. Ukiitolea udongo chini ya miguu, inapasuka. Na usifunge ukuta mupya na wa zamani kwa nguvu. Mupya utashuka kidogo, ni lazima. Acha nafasi ndogo katikati, uizibe kisha mvua moja.

Franga sasa. Mufanyakazi wa sous-traitance iko na kontra ya muda, na sheria haikubali ile kontra ipite miaka mbili. Basi kila namba ya mupango wako imalizike ndani ya kontra moja: musingi, kuta, tole, mulango. Chumba kimoja chenye kufunikwa ni bora kuliko musingi wa vyumba vinne wenye nyasi inaota ndani. Tena usingojee dekonti ya mwisho njo imalize nyumba. Mu Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, franga ya logement haihesabiwe kama sehemu ya mushahara. Unaiona ku bulletin kila mwezi, unaizoea, lakini siku ya hesabu ya mwisho haiko. Nimeona wababa wazima wanakaa kimya mbele ya ile karatasi.

Likelemba ya simenti inasaidia kupita avansi. Watu kumi wa kikosi kimoja, kila mwezi kila mutu anatoa mufuko moja na nusu, moja wao anapokea mifuko 15. Tena watu kumi wenye kununua pamoja wanaweza kuongea na mwenye depo, na lori ya muchanga inagawanywa. Lakini simenti usiiweke chini ya kitanda ingoje mwaka kesho. Ikipita miezi tatu inaanza kukamata mawe, nguvu yake inapotea. Ikifika, igeuze bloku mara moja, uzifunike, uzinyweshe maji siku saba. Bloku inangoja miaka, simenti haingoje.

Karatasi pia. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Wewe unapata tu haki ya kuutumia, na karatasi yenye kuonyesha ile haki kwa nguvu ni « certificat d'enregistrement ». Wengi wa kambi wako na karatasi ya kampuni ao ya muuzaji tu. Mbele ya kuweka mifuko 27 mu udongo, nenda uulize ku kadastre jina gani imeandikwa. Na omba ruhusa ya kujenga, hata kwa anekse. Inachosha, kuko watu wenye kutaka kitu kidogo ku kila mulango, nafahamu. Lakini ukuta bila ruhusa unaweza kubomolewa siku barabara inapanuliwa, na hautalipwa.

Ukianza mu mwezi wa tano, matole iwe juu mbele ya mwisho wa mwezi wa tisa. Usimwage pavema ya inje wala kuchimba mutaro bado. Ngojea mvua ya kwanza kubwa, mu mwezi wa kumi ama wa kumi na moja, simama inje na muavuli na uangalie maji yenye kutoka ku tole mupya inakimbilia wapi. Pale njo utachimba mutaro. Na kama inakimbilia kwa jirani, nenda kumuona siku ile ile, juu mutaro wako utapita mu lupango yake.