CD imekwama ndani ya redio ya motokari? Usikimbilie kisu!

Pengine jambo hili limekwisha kukupata. Unatoka Katuba kwenda mjini, kwaya inaimba vizuri, mara sauti inakatika. Unabonyeza butoni ya kutoa CD. Redio inalia krr-krr, lakini CD haitoki.

Wengine watasema: "Ni redio tu!" Lakini kwetu Lubumbashi motokari nyingi zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, zikapita Kasumbalesa. Redio nyingi za zamani za kule zinashika FM kuanzia 76 mpaka 90 tu, na stesheni zetu zinaweza kufika mpaka 108. Basi shofere wa namna hiyo, asipokuwa na CD, anabaki na stesheni chache sana.

Mdogo wangu ni shofere wa taksi. Redio yake ilimeza CD ya kwaya ambamo marehemu mama yetu aliimba. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Mimi mkubwa nikashika kisu. Mdogo akalia: "Yaya, ngoja kwanza!" Sikungoja. CD ilitoka, lakini nilikuwa nimeikwaruza ukingoni, upande wa juu wenye maandishi. Tunafikiri upande unaong'aa ndio wa kuchunga. Kumbe sauti imeandikwa karibu kabisa na ule upande wa juu, na kovu la pale haliponi. Tena CD inasomwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Ndiyo sababu nyimbo mbili za mwisho zilipotea.

Juu ya nini CD inakwama? Mara nyingi ni karatasi iliyobandikwa juu yake: joto la mwezi wa kumi linalegeza gundi, karatasi inajikunja. Mara nyingine ni vumbi jekundu la kiangazi, CD iliyopinda, au mtoto aliyeingiza ya pili juu ya ya kwanza. Zile CD ndogo za sentimeta 8 nazo, redio nyingi za motokari haziziwezi.

Sasa fanya hivi, polepole:

1. Simamisha motokari. Zima injini, acha ufunguo kwenye kontakti ili redio ipate umeme.

2. Bonyeza butoni ya kutoa CD, uishikilie kwa sekunde 10 au zaidi. Rudia mara mbili, tatu.

3. Ikikataa, zima yote, toa fyuzi ya redio, ngoja dakika 10, uirudishe na kujaribu tena. Lakini angalia kwanza karatasi za motokari: redio nyingine zikikosa umeme zinadai namba ya siri.

4. Kama fyuzi huioni, legeza waya wa batri, ule wa hasi (−). Vua pete na saa ya chuma kwanza.

5. Ikikataa bado, mpelekee fundi wa redio aitoe na kuifungua. Mwambie mapema kwamba CD ina thamani kuliko redio, ili ajue kipi cha kuchunga.

Usiingize kisu wala waya wa chuma: ndani mna kioo kidogo kinachosoma CD, na umeme unaweza kushikana. Usivute kwa nguvu. Usisukume CD nyingine ndani.

Nanyi vijana mnaojua simu na kompyuta, kazi yenu ni hii: kama nyumbani kuna CD ya ndoa, ya ubatizo au ya sauti ya mzazi aliyekwenda, fanyeni nakala leo, kabla haijaingia motokarini. Motokarini weka nakala, ya kwanza ibaki nyumbani.

Mdogo wangu alinisamehe. Nyimbo nane zilizobaki sasa ziko kwenye simu tatu za jamaa. Zile mbili za mwisho tunaziimba wenyewe, na kila mara tunabishana juu ya maneno. Mama angetusahihisha.