Vina na picha: namna ya kufundisha mtoto herufi

Wengi wetu tuko na wadogo nyumbani wanaoimba A, B, C yote bila kosa. Lakini ukiwaonyesha B peke yake, wanakuangalia tu. Wamekariri wimbo, herufi hawajaijua.

Kitabu cha picha chenye vina kinasaidia: kina kinamfanya mtoto akumbuke mstari, picha inamkumbusha neno. Tuseme: "Bata anaoga, bibi anakata boga." Sauti ya mwisho inamfurahisha, ila herufi tunayofundisha iko mwanzoni. Ndiyo maana kusoma tu haitoshi. Weka kidole chini ya kila B, kisha funika picha na umuulize: B iko wapi?

Tena, Kiswahili kina mtego wake. Kiti kikiwa kimoja kinaanza na K. Vikiwa viwili ni viti, K imekimbia! Kwa kuanza, chagua maneno yasiyobadilika: kuku, simba, paka, nyoka.

Pesa ya kitabu hakuna? Karatasi, biki na kalamu za rangi zinatosha. Tunga mstari mmoja kwa kila herufi, mtoto achore mwenyewe. Anza na herufi ya jina lake.