Maganda ya Mihogo: Chakula au Sumu?

Siku ya kumenya mihogo, uani hujaa maganda. Mara nyingi hutupwa jalalani, yakaoza na kunuka. Mtu mwingine huyamwaga mbele ya mbuzi wenye njaa, kisha aenda zake. Baada ya muda mfupi mbuzi mmoja anahema kwa shida, povu kinywani, miguu yatetemeka. Kabla ya usiku amekufa. Ndipo yaanzapo maneno ya uchawi, na jirani asiye na hatia hutazamwa kwa jicho baya.

Twasema wazi: hakuna mchawi hapo. Ndani ya muhogo, na zaidi sana katika ganda lake, mna kitu ambacho ganda likikatwa au kutafunwa hukutana na chachu iliyokuwa mbali nacho. Hapo hutoka sianidi, sumu inayozuia mwili kutumia hewa uivutayo. Mihogo michungu inayo nyingi kuliko mitamu. Mama zetu wanalijua jambo hili tangu zamani, maana huloweka mihogo michungu siku 3 au 4 kabla ya kuianika. Ajabu ni kwamba akili hiyo twaitumia kwa ugali wetu, kwa mbuzi twaisahau.

Sumu hiyo huruka kama mvuke, basi yatupasa kuifungulia njia. Maganda yaoshwe udongo, yakatwe vipande vidogo, yaanikwe juu ya turubai safi na kugeuzwa mara kwa mara, siku 2 au 3 za jua kali, mpaka yavunjike mkononi. Kilo 3 za maganda mabichi hutoa karibu kilo 1 iliyokauka. Wakati wa mvua njia hii ni ya hatari: maganda huota ukungu, na ukungu nao una sumu yake, isiyoondoka kwa jua wala kwa kupikwa. Maganda ya namna hiyo yaende shimo la mbolea. Hata kuku asipewe.

Kwa miezi ya mvua liko pipa. Maganda yaliyokatwa hunyaushwa kidogo, hushindiliwa kwa nguvu mpaka hewa itoke, kisha pipa hufungwa barabara kwa majuma 3 au zaidi. Likifunguliwa lina harufu ya uchachu, na nguruwe huyala kwa furaha. Huko Ibadan, nchini Nigeria, wataalamu walipata njia ya haraka zaidi katika miaka ya 2010: maganda hukwanguliwa kwa mashine ileile ya mihogo, hukamuliwa maji, ndipo huanikwa, na kazi ya siku 3 huwa ya saa chache za jua. Penye mashine kijijini, vijana wa parokia wangeweza kuijaribu.

Lakini mtu asidhani kwamba maganda peke yake yatamnenepesha nguruwe. Yana nguvu tele, ila vya kujenga mwili ni vichache mno. Tuchanganye na majani ya viazi vitamu, mashudu ya ngazi, sombe iliyokaushwa vizuri, au vumbi la ndagala kwa walio karibu na Tanganyika. Tuanze kwa sehemu 1 ya maganda katika sehemu 5 za chakula, tukiongeza polepole. Baba anayetafuta ada ya mtoto wa sekondari kila Septemba atajua mwenyewe thamani ya nguruwe aliyekuzwa kwa kile kilichokuwa kikitupwa.