Kompyuta na Printa kwa Nyumba ya Mwalimu

Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulikuwa uanze Jumatatu saa mbili asubuhi. Jumamosi jioni, nyumbani kwetu Soweto, mjini Moshi, kijana mmoja wa jamaa yetu aliichomeka printa moja kwa moja ukutani, pasipo kuipitisha katika transfoma iliyokaa kando yake. Printa hiyo ilikuwa ya leza, zawadi iliyotoka Marekani. Ukasikika mlio mfupi, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua, na maswali ya mtihani yakabaki ndani ya kompyuta ambayo nayo ilihitaji dakika nane kuamka. Ndipo tulipokubali kwamba vyombo vyote viwili vilikuwa vimechoka.

Yaliyotokea yanafaa kuelezwa mbele ya darasa la fizikia. Umeme wa majumbani nchini mwetu ni wa volti 230, ilhali printa ile iliundiwa volti 120. Tukichukulia kwamba ukinzani wa sehemu yake ya kupashia joto haubadiliki, nguvu yake hufuata kanuni P = V²/R. Gawanya 230 kwa 120, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: utapata karibu 3.7. Sehemu iliyokusudiwa kutumia wati 600 inatakiwa ghafla kubeba wati 2,200. Yumkini kapasita za ndani zilikuwa zimekwisha kupasuka hata kabla ya joto hilo kufika. Chaja za kompyuta za mpakato hazina hatari hiyo, kwa kuwa nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240. Basi mnunuzi wa printa ya mtumba na asome kwanza kibandiko cha nyuma, ndipo aulize bei.

Kuhusu kompyuta, tulianza na vya mtumba, kwani fedha yenyewe ilikuwa imetengwa kwa ada ya shule. Lakini kompyuta si shati la Kiboriloni, ambalo unaligeuza juani ukaona mshono ulioachia. Udhaifu wake umejificha. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa bure marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 iliyoifuata hudai, kwa mashine za Intel, kichakato cha kizazi cha 8 au cha baadaye, isipokuwa vichache, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi za bei ya chini ziko chini ya mstari huo. Hizo hazifai kutupwa, maana mfumo wa Linux huendeshwa vizuri juu yake bila malipo, ila mnunuzi ajue anachokinunua.

Betri ndiyo iliyotupa somo kubwa. Ukubwa wake hupimwa kwa wati-saa. Betri ya wati-saa 45, katika mashine inayotumia wati 9 wakati wa kuandika, hudumu saa 5. Ikichakaa hadi asilimia 60 ya uwezo wake, hudumu saa 3 tu. Na umeme ukikatika magharibi, tofauti hiyo ndiyo kazi ya usiku mzima. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport huonyesha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo iliobaki nao. Muuzaji mmoja alikataa tusiiandike amri hiyo. Tulimshukuru tukaondoka. Aidha, betri za lithiamu huchakaa upesi zikiwekwa katika joto huku zimejazwa daima. Kwa hiyo Februari ya Moshi si wakati wa kuacha kompyuta juani dirishani, imechomekwa, feni yake imeziba vumbi.

Hatimaye tulichagua mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na ghala la gigabaiti 256 lisilo na sahani inayozunguka. Ghala la namna hiyo ndilo linaloondoa zile dakika nane, kwa sababu hakuna mkono wa chuma unaotafuta data huku na huku.

Printa ilileta ubishi mrefu zaidi. Printa ya leza hutumia umeme tuli: mwanga hufuta chaji katika sehemu za silinda, unga wa tona hushika mahali panapotakiwa maandishi, na joto huuyeyusha juu ya karatasi. Msingi wake ni jaribio la Chester Carlson la mwaka 1938. Unga haukauki hata printa ikikaa likizo nzima. Walakini, inapopasha joto hudai mamia ya wati kwa mara moja, na inveta ndogo ya sola huzimika. Printa ya wino haina tanuri kubwa namna hiyo. Katika aina moja, kipashio kidogo mno hufanya kiputo cha mvuke kinachosukuma tone la pikolita chache, yaani sehemu chache za trilioni ya lita. Hasara yake ni kwamba vitundu vyake huziba isipotumika.

Tulikaa mezani tukapiga hesabu ya kurasa 6,000 kwa miaka mitatu. Tuseme, kwa mfano tu, printa ya katriji ni shilingi 150,000, na katriji ya shilingi 45,000 hutoa kurasa 150. Zitahitajika katriji 40, na jumla ni shilingi 1,950,000. Printa ya leza ya shilingi 450,000, kwa tona ya shilingi 120,000 na kurasa 1,500, itafikia shilingi 930,000. Ile yenye tangi la wino, ya shilingi 650,000, ikihitaji chupa mbili za shilingi 30,000, itaishia shilingi 710,000. Iliyo rahisi dukani ndiyo ghali kupita zote. Wanafunzi na waweke bei za mji wao, wakikumbuka kuwa idadi ya kurasa inayotangazwa huhesabiwa kwa ukurasa ambao wino umefunika kama asilimia 5 tu; mtihani wa jiografia wenye ramani huzidi hapo mbali.

Mke wangu, aliyefundisha hisabati muda mrefu kuliko mimi, alichagua yenye tangi, kwa sharti kwamba kila Ijumaa tutachapa angalau ukurasa mmoja ili vitundu visizibe. Mama mkwe alicheka. Yeye anakumbuka mwaka 1974, Serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na anaona ajabu kwamba sasa kuna moja inayotunzwa kama ng'ombe wa maziwa.

Kompyuta ya zamani tuliibadilishia ghala, tukaiwekea Linux. Kitinda mimba wetu anaitumia barazani, ikiwa imechomekwa daima, kwani betri yake haifiki dakika ishirini.