Wimbo wa Shore Wasikika Ubelgiji

Mtoto wa pwani akimsikia shore akilia mwembeni hahitaji kuambiwa ni nani. Ajabu ni kwamba sauti hiyo husikika pia Ubelgiji, nchi ambayo shore wa kwetu haishi kabisa.

Anayeitoa ni ndege mwingine, mdogo, wa gramu 12 hivi, mwenye rangi ya majani makavu. Wataalamu humwita Acrocephalus palustris. Mwezi wa Juni, majira ya joto ya Ulaya, huimba tangu alfajiri katika vichaka vya mabondeni. Bibi Françoise Dowsett-Lemaire aliwachunguza ndege hawa huko Ubelgiji, na mwaka 1979 akatangaza kwamba kila dume huiga, kwa wastani, sauti za ndege wa aina 76. Kati ya hizo, 45 ni za ndege wa Afrika, na shore ni mmoja wao.

Wazipata wapi? Fumbo hili lafumbuliwa na pete. Mwaka 1899 mwalimu Hans Christian Mortensen wa Denmark aliwavisha kwezi pete za alumini zenye nambari, na hata leo ndiyo njia ifuatwayo. Wavu mwembamba hutandazwa kabla ya jua kuchomoza. Ndege akinaswa hutolewa taratibu, hutiwa katika kifuko cha kitambaa, hupimwa bawa na uzito, huvishwa pete mguuni, kisha huachiliwa. Si kama ulimbo, unaomnyofoa manyoya.

Hapa Kenya kazi hii hufanyika Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969. Nyakati za Novemba na Desemba, usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, ndege wasafiri huvutwa na taa za hoteli ya watalii. Huyu ni miongoni mwa walio wengi zaidi, na baadhi ya waliovishwa pete hapo wamepatikana Uarabuni na Ulaya. Ndipo ikajulikana kuwa hupita kwetu akielekea kusini mwa Afrika, na humo safarini kinda hujifunza nyimbo za wenyeji wake.

Basi wazee, waonyeni vijana wenye manati. Na ukimwokota ndege aliyekufa mwenye pete, usiitupe. Nambari yake ipeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Huenda iliandikwa daftarini Ulaya asubuhi moja ya Juni, na aliyeiandika hajui bado ndege wake alifika wapi.