Fahamu: Kuandaa gari la kuishi kabla ya kimbunga

Gari la kuishi ni nyumba ya magurudumu, yenye vitanda, jiko na choo. Huko Florida, Marekani, wengi huishi humo, na msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni Juni 1 hadi Novemba 30.

Kwa nini ni hatari?

Kuta zake ni nyepesi na ubavu wake mpana hushika upepo. Kimbunga cha daraja la 1 huanzia upepo wa kilomita 119 kwa saa.

Ufanye nini?

Ondoka mapema, tanki likiwa limejaa, kabla vituo vya mafuta havijafurika. Ukilazimika kuliacha gari, kunja turubai la kivuli, funga mtungi wa gesi, chomoa umeme, kisha likaze kwa mikanda kwenye nanga za ardhini. Hata likikazwa vipi, usilale ndani.