Ngome ya Plastiki na Ngome ya Udongo

Katika nchi zenye viwanda vingi wapo watu wazima, wenye kazi na familia, ambao hutumia sehemu ya mapato yao kununua tena vitu vya kuchezea walivyokuwa navyo utotoni. Miongoni mwa vitu vinavyotafutwa sana ni seti za matofali madogo ya plastiki ya kujengea ngome za kale na merikebu za maharamia. Seti kongwe yenye vipande vyake vyote na kitabu chake cha maelekezo huthaminiwa sana. Ile ambayo haijapata kufunguliwa huweza kuuzwa kwa bei inayopita mara nyingi bei yake ya awali dukani. Jambo hili laweza kuonekana la kipuuzi kwa mwanafunzi wa Ifakara ambaye hajapata kulishika tofali la namna hiyo mkononi. Hata hivyo, ndani yake mna maswali mawili ya kisayansi: ni kitu gani kinachoshikanisha tofali moja na jingine bila gundi, na ni kitu gani kinachomshikanisha mtu mzima na tofali hilo miaka thelathini baadaye? Swali la tatu latokana na bonde la Kilombero lenyewe, ambako majumba na merikebu za watoto hufinyangwa kwa udongo, na mara nyingi hazidumu hata msimu mmoja.

Matofali yanayojulikana zaidi duniani ni ya kampuni ya LEGO, iliyoanzishwa na seremala Ole Kirk Christiansen mwaka 1932 katika kijiji cha Billund, Denmark. Mwanzoni vitu vyake vilikuwa vya mbao. Matofali ya plastiki yalianza kutengenezwa mwaka 1949, yakifuata mfano wa yale yaliyokuwa yamebuniwa Uingereza na Hilary Fisher Page, lakini yalikuwa na kasoro: yalikuwa matupu ndani, hivyo hayakushikana vizuri. Tarehe 28 Januari 1958 kampuni iliomba hataza ya tofali lenye mirija ndani yake, na umbo hilo halijabadilika tangu hapo. Seti ya ngome ya rangi ya njano ilitokea mwaka 1978, na maharamia wakafuata mwaka 1989. Kabla ya maharamia, vikaragosi vyote vya seti hizo vilikuwa na uso mmoja: nukta mbili na tabasamu. Haramia alikuja na ndevu, kitambaa cha jicho, ndoano mahali pa mkono na mguu wa gogo. Pengine ndiyo sababu watoto wa wakati ule hawajamsahau.

Ukilipindua tofali hilo utaona siri yake. Juu lina vinundu, na chini lina mirija. Tofali moja likibanwa juu ya jingine, kila kinundu huingia kati ya mrija na ukuta, mahali ambapo nafasi ni ndogo kidogo kuliko kinundu chenyewe. Ukuta hulazimika kupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kwa kuwa plastiki hiyo ni nyumbufu, hutaka kurudi katika umbo lake, na katika kutaka kurudi hukibana kinundu. Kani hiyo ya kubana huzaa msuguano, na msuguano ndio unaoishika ngome isianguke. Nafasi ikizidi kidogo, matofali hulegea. Ikipungua kidogo, mtoto hawezi kuyatenganisha. Kwa hiyo kalibu za chuma zinazotumika kiwandani huchongwa kwa usahihi wa kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita. Ndiyo maana tofali la mwaka 1958 bado huingiana na tofali lililotengenezwa jana.

Plastiki yenyewe ilichaguliwa kwa makini. Matofali ya kwanza yalitengenezwa kwa asetati ya selulosi, ambayo hujipinda kadiri miaka inavyopita. Tangu mwaka 1963 hutumika plastiki iitwayo ABS, ambayo ni muungano wa akrilonitrili, butadieni na stireni. Akrilonitrili huipa ugumu. Butadieni, ambayo ni ya jamaa ya mpira, huipa unyumbufu. Stireni huipa mng'ao na wepesi wa kuumbika. (Mzazi aliyewahi kulikanyaga tofali hilo gizani kwa mguu mtupu anaufahamu ugumu wake kuliko mwanakemia.) Huyeyushwa kwa joto la kiasi cha digrii 230 za sentigredi na kusukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu. Adui yake mkubwa ni jua: miale ya urujuanimno huidhuru sehemu ya butadieni, na tofali jeupe hugeuka manjano. Mkusanyaji mwenye busara huziweka ngome zake mbali na dirisha.

Walimu wa hisabati watapata hapa zoezi zuri. Chukua matofali mawili ya rangi moja, kila moja likiwa na safu mbili za vinundu vinne. Yaweza kuunganishwa kwa njia ngapi? Tofali la juu likielekea upande ule ule na la chini, laweza kukaa katika nafasi 7 kwa urefu na 3 kwa upana, yaani nafasi 21. Likikingamishwa, kuna nafasi 5 kwa 5, yaani 25. Jumla ni 46. Lakini muundo ukigeuzwa nusu mzunguko huonekana sawa na mwingine, isipokuwa miundo miwili tu ambayo tofali la juu limekaa katikati kabisa. Hiyo haina pacha. Basi miundo 44 iliyobaki ni jozi 22, na hesabu halisi ni 24. Kwa minara ya matofali sita, moja juu ya jingine, njia hiyo hiyo hutoa miundo 102,981,504. Kwa miaka mingi idadi inayokaribia hiyo ndiyo iliyotangazwa kuwa jumla ya miundo yote ya matofali sita, mpaka mwanahisabati Søren Eilers wa Copenhagen alipoonyesha kwamba ilihesabu minara peke yake. Yakiruhusiwa kukaa matofali mawili au zaidi katika ngazi moja, kompyuta hutoa 915,103,765. Mwanafunzi asiye na matofali hayo aweza kuhakiki zile 24 kwa vipande viwili vya karatasi ya mirabaraba.

Hilo ndilo la matofali. La kumbukumbu ni gumu zaidi, na kwa namna ya ajabu historia yake inapitia mji ambao watu wa Ifakara wanaufahamu. Neno nostaljia lilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, Uswisi, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kurejea nyumbani na maumivu. Kwake yeye ulikuwa ugonjwa hasa, uliowadhoofisha Waswisi walioishi mbali na kwao, na dawa yake ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Kutoka mji huo huo wa Basel alikuja mwanazuolojia Rudolf Geigy, aliyeanzisha maabara ya utafiti Ifakara katika miaka ya 1950. Maabara hiyo ndiyo asili ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Maradhi aliyoyachunguza Geigy yapo hata sasa. Ugonjwa wa Hofer umeondolewa katika vitabu vya tiba, na leo huhesabiwa kuwa hisia ya kawaida ya binadamu.

Uchunguzi wa wanasaikolojia, hasa Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton, umeonyesha kwamba hamu ya zamani mara nyingi huamshwa na upweke au huzuni, na kwamba ikishaamka humrudishia mtu hisia ya kuwa miongoni mwa watu. Katika kumbukumbu hizo, kitu chenyewe ni kidogo. Walio wakubwa ni watu waliokuwapo. Anayeitafuta merikebu ya mwaka 1989 mara nyingi anamtafuta ndugu aliyejenga naye sakafuni. Tena kumbukumbu za maisha hazigawanyiki sawasawa. Watu wa makamo na wazee wakiulizwa, hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu, lakini hukumbuka mengi mno ya kati ya miaka 10 na 30, kwa kuwa huo ndio wakati wa mambo ya mara ya kwanza, na ndio wakati mtu anapojijua yeye ni nani. Hata hivyo, ubongo hauhifadhi picha kama sanduku. Kila inapokumbukwa, kumbukumbu hujengwa upya, na katika kujengwa huko baadhi ya vipande huachwa nje.

Mfano wa vipande vilivyoachwa nje ni ngome yenyewe. Ngome ya plastiki ina mashujaa na bendera, haina njaa wala mateka. Juu ya milima inayolitazama bonde la Kilombero ilikuwako ngome ya kweli, boma la Wajerumani la Mahenge, lililoshambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji tarehe 30 Agosti 1905. Bunduki za rashasha ziliua watu wengi mno. Vivyo hivyo haramia wa kuchezea anachekesha, jambo ambalo mabaharia waliokutana na haramia wa kweli katika Bahari ya Hindi wasingelisema.

Sasa yafaa kuuliza mtu mzima wa Kilombero hukumbuka nini. Kwa vizazi vingi familia za wakulima wa mpunga zilihamia mashambani wakati wa msimu na kuishi katika madungu, na watoto wakapewa kazi ya kuamia ndege. Kazi hiyo ni ya kutwa nzima, na udongo wa mfinyanzi umejaa miguuni. Hapo ndipo zilipofinyangwa nyumba, wanyama na magari. Vigogo vya mgomba, ambavyo huelea kwa sababu vimejaa vyumba vya hewa, vilifanywa vyombo vya majini. Kabla ya kuzinduliwa kwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, mwaka 2018, watu na magari walivushwa mto Kilombero kwa pantoni. Na kwa mtoto wa kandokando ya mto huo pantoni ilikuwa ni merikebu tosha. Tangu reli ya TAZARA ilipopitishwa Ifakara katika miaka ya 1970, garimoshi nalo likaingia katika udongo.

Vitu hivyo haviwezi kununuliwa tena kwa bei yoyote. Mkusanyaji wa Ulaya hurudishiwa tofali lile lile. Mtu wa Ifakara hubakiwa na ufundi wa vidole tu, na ufundi huo usipofundishwa hutoweka pamoja naye. Ni hasara ambayo mara chache hutajwa, kwa kuwa hakuna soko linaloipima.

Kwa nini udongo haudumu? Chembe za mfinyanzi ni bapa kama kurasa, na kati yake mna utando wa maji unaoziwezesha kuteleza. Ndiyo sababu udongo mbichi hufinyangika. Maji yakikauka, chembe husogeleana na kitu kizima husinyaa. Udongo ukisinyaa kwa asilimia 8, kalibu ya sentimeta 25 hutoa tofali la sentimeta 23. Upande mmoja ukikauka kabla ya mwingine, kitu hupasuka, kama ardhi ya mbuga inavyopasuka maji ya mafuriko yanapoondoka. Mchanga au unga wa vigae ukichanganywa, hupunguza kusinyaa huko. Hapa pia ndipo tofauti ya matofali ya aina mbili inapojidhihirisha: mwashi huweka udongo au saruji kati ya matofali ya kuchoma si kwa ajili ya kuyashikanisha tu, bali pia kuficha tofauti za milimita kadhaa ambazo kusinyaa kumeziacha. Tofali la plastiki halina mahali pa kuficha kosa.

Katika matanuri ya matofali, pumba za mpunga zaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya kuni. Pumba ni kiasi cha sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga, na majivu yake kwa sehemu kubwa ni silika. Tanuri hilo hilo laweza kuchoma ng'ombe au garimoshi la mwanafunzi, mradi mambo machache yaangaliwe. Kitu kikauke kivulini kwa siku nyingi, kisiwe na mwili mnene, na kama ni kitupu ndani kitobolewe tundu. Maji yaliyosalia yakifika digrii 100 hugeuka mvuke unaotaka nafasi kiasi cha mara 1,600 ya ile ya maji, na kitu hulipuka. Moto uanze polepole. Karibu na digrii 600 hutoka maji mengine, yale yaliyofungwa ndani ya molekuli za mfinyanzi zenyewe, na badiliko hilo halina marejeo. Garimoshi ambalo halikuchomwa huyeyuka kwa mvua ya kwanza ya masika. Lililochomwa huweza kulala chini ya matope ya mto Lumemo kwa karne kadhaa na kuokotwa likiwa na alama za vidole vya aliyelifinyanga.